Mkufu wa Mama Mkwe

Mteja wa kwanza siku ile alikuja na bangili yake ndani ya leso. Aliifungua leso juu ya meza ya kazi na shanga zikamwagika kwenye trei. Hakuwa na hasira. Alieleza tu kwamba alinyoosha mkono kuchukua chumvi mezani, bangili ikaachia, na watoto wake wakafurahia sana kuzikimbiza shanga sakafuni. Akiwekewa waya mwingine angeshukuru.

Sonara aliomba radhi, akaahidi kuishughulikia, akamsindikiza mpaka mlangoni kwa tabasamu. Aliporudi, tabasamu lilikuwa limebaki huko nje. Aliokota kipande cha waya akakipeleka dirishani.

Waya uliochakaa huchambuka mwishoni kama uzi wa kitambaa. Huu ulikuwa umekatika safi, kama umepitiwa na wembe, na mahali ulipokatikia palikuwa na kibano, kile kijibati kidogo ambacho mafundi wa shanga hukibinya kwa koleo ili waya usichomoke. Kibano hubinywa kwa kiasi, na kiasi hicho hakiandikwi popote, mkono ndio unaokijua. Ukilegeza, waya unatoka. Ukizidisha, kibano chenyewe kinageuka meno, kinautafuna waya polepole mpaka siku kitakapoukata. Hiki kilikuwa kimebinywa hadi kikawa bapa.

Bangili ile aliitengeneza kwa koleo lilelile na katika siku zilezile alizotengeneza mkufu wa mama wa mchumba wake, Fundi Saa. Na leo alasiri mama huyo alikuwa anauvaa mbele ya ukoo mzima.

Mtaa ulimwita Sonara, ingawa dhahabu yenyewe aliiona zaidi kwenye meno ya watu. Kazi yake ilikuwa shanga, waya na vipande vya shaba, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya shangazi yake, chenye meza chini ya dirisha, visahani vya shanga vilivyopangwa kwa rangi na kiti kilichokwisha kuchukua umbo lake. Zamani alikuwa anaamka na umbo jipya kichwani, analifukuzia na waya kabla hata hajanawa uso. Kisha likaja duka la maharusi. Mwenye duka alipenda hereni za namna moja, nyeupe, za kuning'inia, akaagiza hizo, na hizo, na hizo tena. Ilikuwa riziki, na riziki haikataliwi. Chakula cha mchana kikawa kinaliwa jioni, kama kinaliwa. Kidole gumba cha kulia kikaanza kuwashawasha, halafu kikafa ganzi, na viwili vya jirani vikakifuata kama kondoo.

Fundi Saa, mchumba wake, ndiye aliyempeleka kwa daktari. Daktari alisema mshipa wa fahamu umebanwa pale kwenye kifundo cha mkono, apumzishe mkono mpaka uamke, la sivyo huenda usiamke tena. Sonara aliitikia kwa kichwa na akapumzika kweli, mpaka mwenye duka la maharusi alipopiga simu kusema kwamba kama amechoka wapo wengine wenye mikono. Siku chache baadaye Fundi Saa alipouliza hali ya mkono, alimjibu kwamba umepona. Neno moja tu, tena alilisema akicheka.

Mwanamume aliyependa huamini, na akishaamini hubeba habari. Fundi Saa aliibeba ile habari hadi kwa mama yake, ambaye ndiye aliyekuwa kikwazo. Mama huyo alikuwa mjane, mshonaji wa maisha yake yote, mwenye macho ya kuona kasoro ya pindo kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuwa na ugomvi na ukoo wa Sonara wala na sura yake. Alikuwa na hoja moja, na aliirudia kila lilipotajwa jina la binti: huyo ameshaolewa na meza, mwanangu atakuwa mume wa pili. Fundi Saa akamlia kiapo kwamba mambo yamebadilika, mkono umepona, kazi imepunguzwa, jioni meza inafunikwa. Mama akakubali shingo upande. Leo ndugu walikuwa wanakutana kwake kusikia neno lake, na kama dalili ya neno lenyewe alikuwa ametuma salamu kwamba atauvaa ule mkufu.

Ndiyo maana Sonara alisimama pale dirishani na kipande cha waya mkononi, hakukiweka chini.

Alimweleza shangazi yake yote, isipokuwa ganzi. Alisema ni koleo tu lililoharibika. Shangazi, mama mnene mwenye dawa ya kila jambo, alimwambia afunike kombe mwanaharamu apite. Waya uliostahimili mpaka leo ungeshindwa na alasiri moja? Avae, aende, achekelee, na kesho auombe mkufu kwa kisingizio cha kuung'arisha. Sonara aliyapenda maneno hayo kwa sababu yalikuwa mepesi. Akaenda kuoga.

Tatizo lilikuwa vifungo vya gauni. Vilikuwa vidogo, vya mviringo, na vilimponyoka kila alipovikamata, mpaka shangazi akamsogeza mikono na kuanza kuvifunga mwenyewe, akinung'unika kuhusu wasichana wanaovaa nguo zisizovalika. Alipofika kifungo cha juu akaacha. Akauchukua mkono wa kulia wa mpwa wake, akaugeuza, akakiminya kidole gumba kwa kucha. Sonara hakushtuka hata kidogo.

"Kumbe ni mbaya kiasi hiki?" shangazi aliuliza, na safari hii hakuwa na dawa.

Sonara alichukua kile kipande cha waya, akatoka.

Kibanda cha Fundi Saa kilikuwa kati ya duka la viatu na kinyozi, chembamba kiasi kwamba mteja akiingia, mwenyewe ilimbidi avute magoti. Alikuwa amekwisha kuvaa shati la pasi, ila kioo cha kukuzia bado alikuwa amekibana jichoni, akimalizia saa ya mwisho. Alipomwona Sonara akacheka na uso mzima. Akamwambia amependeza mno, kwamba mjomba wake wa mdomo mpana amefika na ameshaanza kuuliza watoto watapewa majina gani, na kwamba mama tangu asubuhi anapita kila penye kioo kuutazama mkufu. Sonara alifungua kinywa aseme lililomleta. Kabla hajasema, Fundi Saa akamwekea skrubu ndogo kati ya kidole gumba na cha shahada.

"Nishikie kidogo."

Huo ulikuwa mchezo wao. Siku ya kwanza walipokutana, Sonara alileta saa ya marehemu baba yake, skrubu ikamponyoka fundi, na yeye akaidaka hewani kama anayedaka nzi. Fundi Saa alisema hapohapo kwamba mwanamke mwenye vidole vile asiachwe apotee. Tangu hapo kila alipopita kibandani alikabidhiwa skrubu ya kushika, kama mtoto anayepewa peremende.

Sasa aliishika, na macho yake yakaganda kwenye vidole vyake. Ilikuwapo. Bado ilikuwapo. Alikuwa anahesabu pumzi.

"Mbona unaitazama?" aliuliza Fundi Saa.

"Nini?"

"Hiyo skrubu. Huwa huitazami. Huwa unanitazama mimi."

Sonara alijitetea kwamba ni ndogo kuliko za siku zote, anaogopa isije ikapotea. Fundi Saa alitoa kioo jichoni. Alikuwa mtu wa pole pole, asiyepandisha sauti hata na wateja wakorofi, na upole huohuo ndio uliomtisha Sonara wakati ule. Aliichukua skrubu, akaiweka kwenye kifuniko cha chupa, akaushika mkono wake kwenye kiganja chake.

"Fumba macho."

Akafumba.

"Haya, nimekugusa wapi?"

Kibandani saa zote zilikuwa zinagonga, kila moja na wakati wake. Sonara alisikiliza kwa mwili mzima akitafuta dalili yoyote, hakupata. Akabahatisha.

"Kidole gumba."

"Sijakugusa bado."

Alipofumbua macho, alimwona ameshika kikoleo chake mbali na mkono, na uso wake umebadilika. Sonara aliona haya ambayo hajawahi kuyaona. Amemdanganya zamani akicheka, na sasa amemdanganya tena akiwa amefumba macho.

"Tangu lini?"

"Haujawahi kupona."

"Wewe uliniambia..."

"Najua nilichokuambia."

"Hujui." Fundi Saa alikiweka kikoleo mezani. "Nilimwambia mama, kama nakudanganya kuhusu huyu binti, usinihesabu kuwa mwanao. Nilimwambia hivyo, amekaa kitandani kwake. Hakutaka, mimi ndiye niliyemlazimisha aamini."

Kuna watu wakishikwa na kosa moja hulificha la pili. Sonara alijipiga moyo konde akalitoa hapohapo, la mkufu, la vibano, la bangili iliyoletwa ndani ya leso. Alieleza upesi upesi, akionyesha kile kipande cha waya. Fundi Saa alikitazama kwa kioo chake muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Niambie jambo moja," alisema mwishowe, hamtazami. "Bangili isingekatika leo, ungekuja kuniambia?"

Sonara alitaka kusema ndiyo. Ndiyo ilikuwa imekaa kwenye ncha ya ulimi, laini, tayari.

"Sijui," alisema.

Fundi Saa alivuta mlango wa kibanda, akafunga kufuli, akasema waende kabla mama hajainama kumimina chai. Alitangulia. Siku nyingine alikuwa anamsubiri kila penye kona. Siku hiyo Sonara aliuona mgongo wa shati la pasi njia nzima, na hakuthubutu kuliita jina lake.

Sebule ilikuwa imejaa. Viti vilikuwa vimeazimwa kwa majirani, sahani za biskuti zinapitishwa, na mjomba wa mdomo mpana alikuwa anasimulia jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelichekea tayari. Katikati yao aliketi mama, gauni la kijivu, shingo wima, na mkufu.

Sonara aliuona kama anauona mara ya kwanza. Shanga za rangi ya moshi zilishuka kwa saizi, na kati yake majani ya shaba aliyoyafua mwenyewe, kila moja na mkunjo wake. Tangu lije duka la maharusi, kilikuwa kitu pekee kilichotoka kichwani mwake. Ulimpendeza mama yule kupita kiasi. Shangazi mmoja wa ukoo akauliza umetoka wapi, mama akageuza shingo kumwonyesha. Akageuza tena. Mjomba akamwita, akageuka kwa nguvu zaidi.

Sonara alipiga goti kidogo kumwamkia, kisha akamnong'oneza kwamba anaomba wazungumze chumbani. Mama alimtazama, akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni na uso wa msiba, akainuka bila kuuliza.

Chumbani kulikuwa na kitanda, kabati, kiti na cherehani iliyofunikwa kitambaa. Mama alifunga mlango. Sonara alikuwa ametunga maneno njiani, yote yakampotea, akasema yaliyobaki.

"Mama, naomba uuvue mkufu. Utakatika."

"Utakatika lini?"

"Sijui. Sasa hivi, au jioni, au kesho. Niliufunga vibaya. Vidole vyangu havihisi, nilibinya mno bila kujua." Akaunyoosha mkono wa kulia. "Mkono haujapona. Nilimdanganya mwanao, na yeye akakuletea uongo wangu akidhani ni ukweli."

 Mama aliingiza kidole chini ya mkufu, akauvuta kidogo tu, vile mshonaji anavyovuta mshono kuona kama umeshika. Ukaachia. Shanga zikamiminika kifuani, zikagonga sakafu, zikakimbilia chini ya kitanda na chini ya cherehani, na jani moja la shaba likazunguka pale katikati kwa muda kabla ya kulala.

Mlango ulifunguliwa, Fundi Saa akachungulia. Sebuleni mazungumzo yalikuwa yamekatika.

"Kwa hiyo wateja uliwapa mkono mzima," mama alisema polepole, "mimi ukanipa uliokufa."

"Hapana, Mama." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Wateja niliwapa wote mpaka ukaisha. Huu mkufu ndio kitu pekee nilichokitaka kwa moyo wangu, na nilipoufikia hapakuwa na mkono tena."

Mama aligeuka kwa mwanawe. "Na wewe, ulijua?"

"Nimejua leo." Fundi Saa alikuwa ameshapiga magoti anaokota shanga. Akaongeza bila kuinua kichwa, "Lakini nilipaswa kujua. Mimi ndiye ninayeushika mkono huo kila siku."

Sonara aliyasikia maneno hayo mahali ambapo bado palihisi.

Mama alikaa kitandani. Alikuwa amechoka ghafla, shingo yake tupu ikionyesha umri wake. Akavuta bakuli lililokuwa na vifungo, akavimimina vifungo juu ya shuka, akampa mwanawe lile bakuli tupu aweke shanga.

"Leo sisemi ndiyo," alisema. "Ningesema hapana, tena ningeisema kwa sauti, kama zingemwagika pale mbele za shemeji zangu. Umekuja kabla hazijamwagika. Basi sisemi kitu. Shanga hizi zitakaa hapa. Siku mkono utakapohisi, utakuja kuzitunga kwenye kiti hicho hapo nikikutazama, na siku hiyo nitawaita watu tena. Usinidanganye kwamba umepona. Mshono wa mkono uliochoka naujua, nimeushona sana."

"Na mkono usipoamka, Mama?"

Lilikuwa swali lililomkosesha usingizi tangu kwa daktari, na hakuwahi kumuuliza mtu yeyote. Mama alivisogeza vifungo kando ya shuka.

"Utakuja kuniambia, kama ulivyokuja leo."

Akainuka, akanyoosha gauni, akarudi sebuleni na shingo tupu. Walimsikia mjomba akiuliza mkufu umepotelea wapi, na walimsikia mama akijibu kwamba umerudi kutengenezwa, na aliyeutengeneza naye anakwenda kutengenezwa, kwa hiyo watu wanywe chai, maneno mengine watayasikia siku yake. Vikombe vikaanza kugongana. Kesho mtaa ungekuwa na la kusema.

Sonara alitokea mlango wa nyuma, akasimama karibu na pipa la maji. Alitoa simu kwa mkono wa kushoto, akaitafuta namba ya mwenye duka la maharusi. Kidole kilisita. Nyumba ya shangazi iliishi kwa hereni zile nyeupe, na wapo wengine wenye mikono. Akapiga. Alieleza kwamba alizomaliza ataziangalia upya moja moja kabla hazijauzwa, na zilizobaki hazitengenezi. Anaumwa. Hajui atarudi lini. Upande wa pili sauti kavu ikasema angependa kuambiwa mapema, na simu ikakatwa.

Basi, ndivyo lilivyokwenda, kazi ya mwaka mzima kwa maneno mafupi kiasi kile. Alisubiri ahisi amepumua. Alihisi woga tu, mwingi kuliko wa asubuhi, maana wa asubuhi ulikuwa na mkufu wa kuushikilia.

Fundi Saa alitoka, akasimama kando yake. Magoti ya suruali yake yalikuwa na vumbi la chini ya kitanda.

"Bado nimekasirika," alisema.

"Najua."

"Nitakasirika na kesho."

"Najua."

Alijipangusa vumbi magotini. Kisha akauchukua mkono wake wa kulia, akaweka kidole chake juu ya kidole gumba cha Sonara, akaminya.

"Unanihisi?"

Sonara aliutazama uso ule alioupenda. Alijua jibu ambalo lingeufanya ucheke, na alijua jinsi lilivyo rahisi.

"Hapana," alisema. "Sikuhisi kabisa."

Fundi Saa aliitikia kwa kichwa. Hakuuachia. Walisimama pale karibu na pipa, wote wawili wameinamisha macho kwenye mkono huo, kwa sababu asingeutazama, Sonara asingejua kama bado umeshikwa.